Jibu: Uwezekano wa sentensi ya "ikiwa… basi"

Salaam, ndugu. Umeuliza kwa nini sentensi "ikiwa dadu itaonyesha namba shufwa, basi ni 6" unaipa uwezekano wa theluthi moja, ilhali jedwali la ukweli (orodha ya hali zote, ikionyesha sentensi ni kweli katika zipi na si kweli katika zipi) linatoa theluthi mbili. Angalia kwanza jedwali linahesabu nini: linaikubali sentensi hata dadu ikionyesha 1, 3 au 5, yaani pale ambapo sharti halikutimia kabisa; ukiongeza 6, ni hali nne kati ya sita. Watu wengi hawahesabu hivyo. Huchukulia kwamba sharti limetimia, wakabaki na 2, 4 na 6, kisha wakapima uwezekano wa 6 humo, njia iliyokaribiana na ile aliyoieleza mwanafalsafa na mwanahisabati Mwingereza Frank Ramsey mwaka 1929. Wanafunzi wangu wakikwama hapo (na hukwama kweli), huwaambia wafute mistari ya 1, 3 na 5 ndipo wahesabu. Theluthi yako ni sahihi.