Mfereji Unapotoweka Katikati ya Mzizi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno katika hospitali ya wilaya. Nilimpokea mama wa miaka 38 mwenye maumivu ya jino namba 34, yaani la nne la chini kushoto. Kwenye picha ya eksirei, mfereji wa mzizi ulionekana vizuri kuanzia juu hadi karibu nusu ya mzizi, kisha ukapotea ghafla kana kwamba umefutwa. Nilidhani umejiziba kwa sababu ya umri, nikausafisha mfereji mmoja nilioupata na kuujaza hadi karibu na ncha. Sasa ni miezi miwili na jino bado linamuuma anapotafuna. Je, picha ile ilikuwa inaniambia nini, na je, nimpeleke mjini akapigwe CBCT, ile eksirei ya pande tatu?

JIBU: Marahaba. Kwa maelezo uliyotoa, kuna uwezekano mkubwa kwamba picha ilikuwa inakuambia mfereji umegawanyika, na kwamba umetibu tawi moja tu. Kiini cha jino kinapozeeka, au kinapojihami dhidi ya tundu la siku nyingi, dentini mpya, yaani tabaka gumu linalounda sehemu kubwa ya jino, huanza kujaza chumba kilicho ndani ya taji, kisha ujazo huo huteremka mzizini polepole. Kwa hiyo mfereji uliozibwa na umri kwa kawaida huwa mwembamba zaidi juu kuliko chini. Wa mgonjwa wako ni kinyume chake: ni mpana juu, halafu unatoweka chini kwa mara moja. Palipotoweka ndipo njia moja ilipozaa mbili, kila moja ikiwa nyembamba kuliko ile ya awali, na kivuli cheusi tulichozoea kukifuata kwa macho kikamezwa na dentini inayozizunguka.

Jino la nne la chini lina sifa mbaya katika jambo hili, na ni haki kulishuku kila linapokaa mbele yetu. Mtafiti Vertucci wa Marekani, ambaye mwaka 1984 alipanga maumbo ya mifereji katika aina 8, alikuwa tayari amekuta kwamba takriban robo ya meno haya aliyoyachunguza yalikuwa na mifereji miwili, na mara nyingi ni mmoja unaotoka chumbani kisha kugawanyika njiani. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1986 na Trope na wenzake, ulilinganisha picha za wagonjwa Weusi na Weupe: jino hili lilikuwa na zaidi ya mfereji mmoja katika asilimia 32.8 ya Weusi, na asilimia 13.7 ya Weupe. Takwimu hizo hazikutoka kwa wagonjwa wa wilayani kwako, na sidai kwamba zinawafaa moja kwa moja. Hata hivyo zinatosha kutuonya sisi tunaotibu Waafrika tukiwa na vitabu vilivyoandikwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na meno ya watu wengine.

Sasa tuje kwenye picha yenyewe. Eksirei hulaza kitu chenye unene juu ya bapa moja, na unene unaopotea ni ule wa kutoka shavuni kwenda ulimini. Bahati mbaya, huo ndio mwelekeo ambao mizizi hupenda kugawanyikia, kwa hiyo mifereji miwili hujipanga mmoja nyuma ya mwingine na kuonekana kama mmoja. Dawa yake ni picha ya pili, ambayo bomba la mashine limesogezwa mbele au nyuma kwa nyuzi 20 hivi huku filamu ikibaki mahali pake. Kanuni ya kuisoma inatokana na kazi ya Clark, aliyeieleza Uingereza mwaka 1910 alipokuwa akitafuta upande walikolala meno ambayo hayajaota: kilichoko upande wa ulimi huonekana kufuata bomba, na kilichoko upande wa shavu huonekana kwenda kinyume nalo. Ukisogeza bomba mbele, mfereji wa ulimi utasogea mbele kwenye picha.

Picha hiyo ya pembeni ina faida nyingine kwa jino hili. Karibu na ncha yake kuna tundu la kidevuni, linakopita neva, nalo likiangukia juu ya ncha hufanana kabisa na kidonda cha mfupa. Bomba likihama, tundu hujitenga na ncha, ilhali kidonda halisi hubaki kimeng'ang'ania pale pale. Tazama pia ukingo wa mzizi kwa uangalifu. Mstari mweusi mwembamba wa utando unaoshika jino ukiwa umejirudia maradufu upande mmoja, au ukikatiza juu ya mzizi, unaonyesha mzizi wenye bonde kubwa au mizizi miwili iliyopishana.

Ushahidi ninaouamini kuliko yote, hata hivyo, ni picha inayopigwa faili, ule uzi wa chuma wa kusafishia mfereji, ikiwa ndani yake. Faili iliyo peke yake katika mzizi wenye mfereji mmoja hukaa katikati ya mzizi katika picha ya moja kwa moja na katika ile ya pembeni pia. Ikiegemea upande mmoja, nusu iliyobaki ya mzizi haikai bure.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Katika miaka yangu ya mwanzo nilitibu jino namba 44, la nne la chini kulia, la kijana mmoja, nikaijaza njia niliyoipata, na picha ya mwisho ikanipendeza kwa kuwa ujazo ulifika vizuri. Alirudi akiwa amevimba shavu. Nilipoitoa ile picha na kuitazama tena, ujazo ulikuwa umeegemea ukingo mmoja wa mzizi wazi kabisa, na mimi ndiye niliyeitia sahihi. Nililifungua jino, nikapanua mlango kuelekea ulimini, nikachukua faili namba 8, nikakunja milimita moja ya ncha yake na kuitelezesha kwenye ukuta wa upande wa ulimi. Iliteleza mara kadhaa, kisha ikanasa, kama ukucha unaopita juu ya kitambaa na kukuta uzi uliochomoza. Mdomo wa mfereji wa pili ulikuwa pale. Taji la jino la nne la chini limeinama kuelekea ulimini, kwa hiyo mlango tunaoufungua juu yake huongoza faili kuelekea shavuni, nalo tawi la ulimi hujitenga kwa kona kali. Faili iliyonyooka hulipita bila kuhisi chochote.

Meno mengine nitayataja kwa ufupi. Katika gego la kwanza la juu, mzizi wa mbele upande wa shavu huwa na mfereji wa pili mara nyingi kiasi kwamba ni salama kuuchukulia upo mpaka utafutwe ukosekane. Gego la kwanza la chini linaweza kuwa na mzizi wa ziada nyuma, upande wa ulimi, ambao daktari wa meno Carabelli aliutaja mwaka 1844. Ni wa kawaida zaidi Asia ya Mashariki kuliko kwetu. Gego la pili la chini lenye mizizi iliyoungana kama koni likufanye ufikirie mfereji wenye umbo la herufi C.

Kuhusu CBCT, tamko la pamoja la mwaka 2015 la vyama vya Marekani vya wataalamu wa mizizi ya meno na wa radiolojia ya kinywa linaitambua kuwa chaguo sahihi pale mifereji ya ziada inaposhukiwa, kwa kupiga eneo dogo tu, na linaacha picha ya kawaida kuwa ya kwanza. Kumbuka kwamba mionzi yake ni mingi kuliko ya picha moja ya kawaida, na kwamba gatapacha, ule utomvu wa kujazia mfereji, na vyuma hutoa michirizi inayoweza kuficha mfereji ule ule unaoutafuta. Nauli ya mama huyo nayo ni gharama ya matibabu.

Kwa hiyo anza na ulichonacho. Angalia kama ujazo wa juu unagonga mapema anapouma meno, kisha pima fizi kuzunguka jino zima, kwani shimo moja jembamba lenye kina linaweza kuashiria ufa. Ikiwa yote hayo ni salama, piga picha ya pembeni na utazame ujazo wako umekaa wapi. Ukiwa umeegemea upande wa shavu, fungua tena, toa gatapacha, na utafute ukuta wa ulimi kwa faili ndogo iliyokunjwa ncha. Usichimbe dentini kwa mashine ya kutobolea ukiwa huoni unakoelekea, maana mzizi huu ni mwembamba na hutoboka upesi. Usipoupata, weka dawa, funga kwa muda, na umpe rufaa kwa mtaalamu mwenye hadubini pamoja na picha zako zote mbili. Huko ndiko CBCT itakapoamuliwa.