Mshono Umefunga, Lakini Wewe Hujapona

Juzi usiku dada mmoja wa Nachingwea aliniandikia. Ana wiki 2 tangu azae kwa kupasuliwa. "Dada, nyuzi zimetolewa na mshono umekauka, ila nikiinama nahisi kitu kinavutwa ndani. Mama mkwe anasema nadeka. Na leo kanga imenata pale kwenye kidonda."

Nilipofika kwenye hiyo kanga iliyonata niliacha kusoma, nikampigia. Nikamwambia kukicha tu aende zahanati, asingoje tarehe ya kliniki. Na mimi shida ya kidonda ilianza na kanga.

Nimezaa kwa kisu mara 2. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa 11, hapa Mtwara, watu wote wako mashambani wanaokota korosho. Njia ilifunguka sentimita 6 ikagoma hapo hapo usiku kucha. Asubuhi mapigo ya mtoto yakaanza kushuka, nikaletewa karatasi ya kusaini na mkono unatetemeka. Wakanikunja mgongo, wakachoma sindano ya ganzi kwenye uti. Miguu ikapata joto, halafu ikawa kama si yangu. Maumivu sikuyasikia. Nilisikia kuvutwa tu, kama mtu anapekua kitu chini kabisa ya gunia. Kisha mtoto akalia. Kilo 3.6.

Siku za wodini sina mengi ya kusema juu yake. Nilirudi nyumbani na bahasha ya dawa na neno moja, "usifanye kazi nzito." Hakuna aliyenieleza uzito ni kiasi gani wala kwa nini. Hilo bado linaniuma.

Siku ya 7 nyuzi zilitolewa. Nikajitazama kwenye kioo, nikaona mstari mwembamba, safi, nikajua nimepona. Siku ya 9 nyumba nzima ilikuwa Tandahimba shambani. Maji yameisha, nepi zimelundikana, mtoto analia. Nikachukua ndoo ya lita 20, nikainama, nikajitwisha. Nilisikia moto mdogo upande wa kushoto, nikaendelea na safari. Jioni nilipofungua kanga haikutoka. Imenata. Nikaivuta polepole, ikaja na majimaji ya rangi ya chai yenye harufu.

Daktari alisema sehemu ya mshono imefumuka na usaha umeshaanza. Wiki 3 nilikwenda kusafishwa kidonda kila siku, na bodaboda ikipita kwenye shimo nilikuwa nauma mtandio. Yule daktari ndiye aliyenichorea kwenye karatasi kile nilichopaswa kuelezwa mwanzo. Kisu hakipiti kwenye ngozi peke yake. Kinapita kwenye ngozi, mafuta, utando mgumu unaoshika misuli, misuli yenyewe inatenganishwa, halafu utando wa ndani, ndipo mfuko wa uzazi. Mfuko unashonwa, ule utando mgumu unashonwa, ngozi inashonwa. Ngozi inawahi kufunga. Huko ndani ni wiki 6 na zaidi, na kuna wanaohisi ganzi au kuvutwa kwa miezi. Kwa hiyo, mdogo wangu, hudeki.

Katika wiki hizo 6 usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako. Ukitaka kuamka kitandani geuka ubavu kwanza, jisukume kwa mkono. Ukikohoa au ukicheka, bana mshono kwa kanga iliyokunjwa. Tembea mapema hata kama unauma, kwa sababu kulala tu kunaweza kugandisha damu miguuni. Kunyonyesha, mlaze mtoto ubavuni au mshike chini ya kwapa, asikulalie tumboni. Kidonda kioshe taratibu, kikauke vizuri, na usibebe kitu kizito. Nimerudia makusudi.

Na kukandwa. Najua kwetu mzazi anakandwa maji ya moto tumbo likaze, na wazee wanafanya kwa mapenzi. Mama yangu wa Mikindani alikuja na sufuria lake tayari. Nilimwomba anikande mgongo na miguu, tumbo aliache. Alinuna siku 2. Heri anune. Dawa za majani, chumvi, majivu, usiruhusu viguse kidonda hata akileta bibi yako.

Ukiona homa, usaha, harufu, wekundu unaosambaa, damu inayolowesha pedi kwa saa moja, au mguu mmoja umevimba na unauma, nenda siku hiyo hiyo.

Sasa yale maneno. Kwenye arobaini ya mwanangu wifi yangu alisema mbele ya watu, "Sisi tulizaa, huyu alizalishwa." Nilitabasamu, nikaenda kulia chooni. Kuna watu wanasema siku hizi hospitali zinapasua ovyo, na Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema mwaka 2015 kwamba upasuaji ukizidi asilimia 10 ya wanaojifungua katika jamii, vifo vya mama na mtoto havionekani kupungua zaidi. Sawa. Basi muulize daktari wako kwa nini ulipasuliwa, na jibu liandikwe kwenye kadi, maana mimba ijayo litahitajika. Ijayo uzalie hospitali yenye chumba cha upasuaji, na uipe mimba nafasi ya miaka 2 kovu likomae. Wako wanaopasuliwa kisha wakazaa kawaida, lakini si nyumbani. Ila mwanamke aliyelala pale mapigo ya mtoto yakishuka, huyo alizaa. Asiambiwe vinginevyo na mtu yeyote.

Mwaka huu nimepasuliwa tena, nimepona bila tone la usaha, na ninajivunia. Tofauti ilikuwa mume wangu. Nilimkalisha mwezi mmoja kabla, nikamwonyesha ile karatasi ya daktari. Na ninyi akina baba mnaosoma hapa, korosho zitaokotwa, hazikimbii. Kabla hujaenda shambani jaza maji usiku, mapipa yote, na ndoo ziache juu ya meza, mkeo asilazimike kuinama.