Bibo, korosho, nyanya, bamia: lipi ni tunda na ipi ni mboga?

Wakuu, mleta uzi wa Masasi ameuliza mambo matatu kwa mpigo. Mwanawe wa darasa la tano kafundishwa kwamba nyanya ni tunda. Bibi wa mtoto kakataa katakata, anasema nyanya ni ya kuungia mboga. Naye baba mtu akaongeza la kwake: kama ni hivyo, bibo je, lile pande laini la mkorosho linaloning'iniza korosho? Na korosho yenyewe tuiweke wapi? Waliotangulia kuchangia wamegawanyika kambi mbili, kila kambi inarusha mifano. Nionavyo mimi, bibi na mwalimu wote wako sahihi, maana hawazungumzii jambo moja.

Tunda ni sehemu ya mmea. Mboga ni kazi ambayo chakula kinaifanya mezani. Ukitaka ushahidi, isikilize lugha yetu wenyewe. Mtu wa Newala akiuliza "leo mboga nini?", jibu linaweza kuwa kisamvu, kunde, dagaa au ngisi. Ngisi hajawahi kuota shambani. Mboga kwa maana hiyo ni chochote kinachoteremshia ugali, ndiyo maana tukitaka kutaja majani peke yake tunalazimika kusema "mboga za majani". Pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, samaki na nyama wana jina lao la kitoweo, lakini hata huko mboga haijawahi kuwa kinyume cha tunda. Aliyeyafanya maneno haya mawili kuwa wapinzani ni kitabu cha shule, kwa sababu kilihitaji majina ya makundi ya lishe.

Sasa upande wa mmea. Tunda ni ile sehemu ya ua iitwayo ovari, ikishakua na kukomaa, kwa kawaida ikiwa na mbegu ndani. Swali la kujiuliza ni moja tu: hiki kilianzia ndani ya ua? Bamia, ndiyo. Ikate kwa upana, utaona vyumba, kwa kawaida vitano, kila kimoja na mstari wake wa mbegu. Tango lina vyumba vitatu. Nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili, boga, ganda bichi la mbaazi: yote matunda. Ndizi nayo ni tunda hata kama huoni mbegu, kwa sababu ovari yake hukua bila kuchavushwa. Nazi ni tunda la kokwa kama embe, ila badala ya nyama tamu ina makumbi. Hata karanga ni tunda. Ua lake huchanua juu ya ardhi, kisha kijiti chenye ovari hushuka na kujichimbia udongoni, ganda likakomalia huko. Ndiyo maana karanga kwenye udongo mgumu hazizai vizuri, kile kijiti hakipenyi.

Mchicha, matembele na kisamvu ni majani. Karoti na muhogo ni mizizi. Kitunguu ni majani mazito yaliyobebana. Ming'oko yetu, ile inayochemshwa kwa chumvi na kuuzwa kwa mafungu, ni viazi vya mmea wa porini wa jamii ya viazi vikuu, si tunda na si mboga ya majani. Muwa ni shina, ingawa muuzaji ameupanga pamoja na machungwa. Uyoga si mmea kabisa.

Mmea mmoja unaweza kukupa majibu kadhaa. Mmea wa boga una majani ya kupika, tunda, na mbegu za kukaanga. Mbuyu una majani yanayopikwa kama mlenda na tunda lenye ubuyu. Kwa hiyo usiulize "kunde ni nini", uliza unakula sehemu gani ya mkunde.

Nije kwenye bibo, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea, na sisi watu wa kusini ndio tunaokaa chini ya miti yenyewe.

Bibo si tunda halisi. Tunda halisi la mkorosho ni korosho pamoja na ganda lake la kijivu. Bibo ni kikonyo kilichovimba. Huhitaji maabara kuthibitisha, nenda shambani msimu wa maua ukafunge uzi kwenye kishada kimoja. Baada ya ua kuanguka kitatokea kijipande cha kijani chenye umbo la figo, nacho ni korosho changa. Kitakua mpaka kiwe kikubwa kuliko korosho iliyokauka, na muda wote huo kikonyo chake ni chembamba tu. Wiki za mwisho ndipo kikonyo kinaanza kujaa maji na sukari na kugeuka chekundu au cha njano, huku korosho ikipungua ukubwa, ikikauka na kuwa ngumu. Lingekuwa tunda, lingetoka kwenye ovari na mbegu ingekuwa ndani yake. Hapa "mbegu" inaning'inia nje, chini kabisa, kwa sababu yenyewe ndiyo tunda. Mbegu ni ile punje nyeupe unayoitafuna baada ya kubangua.

Mkorosho na mwembe ni jamii moja. Utomvu wa mwembe huwasha ngozi za watu wengine, na mafuta ya ganda la korosho huunguza hata zaidi. Usiitoe korosho kwenye bibo kwa meno. Shika bibo mkono mmoja, izungushe korosho kwa mkono wa pili mpaka ichomoke, kisha kata kipande chembamba mahali ilipokuwa imeshikana. Vidonda vingi vya midomo ya watoto msimu wa korosho vinatoka hapo.

Jikoni, hata hivyo, bibo ni tunda na hakuna wa kubisha: ni tamu, lina maji, huliwa bichi, na lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Kinachowakimbiza watu ni ukakasi, ule wa kukaza ulimi na koo, unaoletwa na tanini. Tanini hunaswa na wanga, na hilo ndilo linalowezesha kutengeneza juisi nzuri. Chukua mabibo ya asubuhi hiyo hiyo, yasiyopasuka. Kilo mbili zinatosha kupata takriban lita moja. Osha, kata ncha zote mbili, kamua kwa kitambaa safi bila kusaga maganda, maana ganda lina ukakasi mwingi. Tumia ndoo ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa tanini ikikutana na chuma cha kawaida juisi inakuwa nyeusi. Kwa kila lita moja pika gramu 5 za wanga wa muhogo, yaani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, kwenye maji kidogo mpaka uwe uji unaong'aa. Uache upoe kabisa, uchanganye na juisi, koroga, kisha weka kwenye friji kwa muda wa saa 12 bila kutikisa. Chini utaona tope zito. Mimina maji ya juu taratibu, chuja, tia sukari na ndimu, chemsha kwa muda mfupi na ujaze kwenye chupa zilizochemshwa.

Ikikushinda, sababu huwa ni hizi. Uji ulitiwa ukiwa moto, tope halikushuka. Au mabibo yalilala. Bibo huanza kuchacha ndani ya siku moja, na ndiyo maana uraka, ile pombe ya mabibo, haudai hamira. Au ulitikisa chombo wakati wa kumimina, ukarudisha ulichokuwa unakiondoa.

Bibo hilo hilo linaweza kuwa mboga kamili. Likate vipande, chemsha dakika tano kwenye maji yenye chumvi gramu 20 kwa lita, karibu kijiko kimoja cha chakula, mwaga maji, kamua, halafu unga kwa kitunguu, nyanya, bizari na tui. Brazili, mkorosho ulikotoka kabla Wareno hawajauleta pwani yetu, bibo lililokamuliwa hupikwa likakaa mahali pa nyama. Hapa kwetu mabibo mengi yanaozea chini ya miti baada ya korosho kuokotwa, na bibo moja lina uzito mara tano hadi kumi wa korosho yake. Inauma kuona chakula chote hicho kinaachiwa nzi.

Kuna mchangiaji alisema serikali ndiyo inayoamua. Ni kweli kwa mambo ya kodi na biashara. Korosho ni tunda kwa mmea, lakini haisimamiwi pamoja na mboga na matunda. Ina Bodi ya Korosho Tanzania, makao yake Mtwara, na huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaiweka ghalani, anapewa risiti, kisha inauzwa kwa mnada. Marekani walifikishana mahakamani kwa sababu ya nyanya. Sheria ya ushuru ya mwaka 1883 ilitoza mboga zinazoingia nchini asilimia 10 na kuyaacha matunda, basi waagizaji wa familia ya Nix wakamshitaki Edward Hedden, mkusanya ushuru wa bandari ya New York. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu iliamua kwamba nyanya ni tunda kwa wataalamu wa mimea, ila kwa lugha ya watu wa kawaida ni mboga, kwa sababu huliwa na mlo wenyewe na si baada ya mlo. Ushuru ukabaki. Umoja wa Ulaya nao, kwenye kanuni za jamu za mwaka 2001, unahesabu karoti na viazi vitamu kuwa matunda, ili jamu yake iruhusiwe kuitwa jamu. Hukumu hizo hazikugusa mmea hata kidogo. Kila mmoja alijibu swali la ofisi yake.

Mtaalamu wa lishe naye ana hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na muhogo na viazi havihesabiwi humo kwa sababu ni wanga. Ndizi mbivu ni tunda, ndizi ya kupika inahamia kwenye nafaka na mizizi. Shelisheli la kuchemsha au kukaanga nalo linafanya kazi ya wanga mezani. Korosho na karanga zinakaa karibu na kunde. Embe bichi kwenye mchuzi wa samaki ni kiungo cha uchachu, likiiva ni tunda. Papai bichi hupikwa kama mboga, na utomvu wake hulainisha nyama: nusu saa hadi saa moja inatosha, ukizidisha nyama inakuwa uji.

Kwa mkulima na mama wa genge, nadhani tofauti yenye faida ni nyingine: tunda linaliwa likiwa changa au limekomaa? Bamia, tango na biringanya tunazila changa. Bamia ichumwe siku nne hadi sita baada ya ua, maana yake upite shambani kila baada ya siku mbili. Ukichelewa inakuwa na nyuzi na kisu hakipiti. Tena ukiacha tango moja lizeekee kwenye mmea, mmea unahamishia nguvu kwenye mbegu na maua mapya yanapungua. Nyanya, embe, papai, ndizi na parachichi huendelea kuiva baada ya kuchumwa, basi unaweza kuzichuma zikiwa zimekomaa lakini ngumu zikasafiri. Bibo, nanasi, chungwa na tikiti haviendelei hivyo. Ulichochuma kibichi kitalainika au kuoza, utamu hauongezeki.

Yale yanayoendelea kuiva hutoa gesi ya ethilini. Ukiweka fungu la mchicha au matango kwenye tenga moja na ndizi mbivu au mapapai, majani yanageuka njano haraka, na wengi hudhani ni joto la Lindi. Tenganisha matenga. Nyanya zisikae kwenye friji kabla hazijaiva, baridi inaua ladha. Mboga za majani zenyewe zinataka unyevu na kivuli, gunia lililoloweshwa linatosha.

Kwa mtoto wa mleta uzi: swali likiwa la sayansi kuhusu sehemu za mmea, aandike nyanya ni tunda kwa sababu imetokana na ovari na ina mbegu. Likiwa la makundi ya vyakula, aandike mboga. Akiulizwa bibo, aandike tunda bandia, na korosho ndiyo tunda halisi. Mwalimu akitia shaka, ampelekee kishada kimoja chenye korosho changa ambazo vikonyo vyake havijavimba, wakitazame pamoja.