Mama alianza kulalia mito mitatu

Mama alikatwa titi kwa saratani mwaka 2019, akamaliza dripu za dawa na mionzi, nywele zikaota, akarudi kwaya. Sisi tukabaki kulichunga kovu na kwapa, tukipapasa uvimbe.

Hakukohoa, na hilo ndilo lililotupoteza. Kwanza alishindwa kumaliza mistari ya nyimbo, anavuta pumzi katikati ya neno, kisha anacheka, "Uzee huu." Bega la kulia likaanza kuuma, tukamchua. Mito kitandani ikaongezeka, na usiku mmoja nikamkuta amelala ameketi, kajiegemeza ukutani, khanga mabegani.

Zahanati walimtibu nimonia mara mbili. Wakataka makohozi wapime TB, akakosa ya kutoa. Hakuna aliyeuliza habari za titi, na sisi hatukusema, tukidhani yale yameisha. (Mama mwenyewe hakupenda yatajwe.) Ukiingia kwa daktari yeyote, hata kama umekwenda kwa malaria, anza na hilo: niliugua saratani ya sehemu fulani, mwaka fulani. Beba na karatasi.

Daktari aliyegundua aliuliza swali ambalo sikuwahi kulisikia: "Mama, unalalia mito mingapi?" Akamgonga mgongoni kwa kidole. Kushoto palilia kama debe tupu, kulia kama gunia la mchele. Picha ikaonyesha maji, tena si ndani ya pafu, ni kati ya pafu na ukuta wa kifua. Wakayatoa kwa sindano, zaidi ya lita moja, rangi ya chai ya rangi. Maabara wakakuta humo seli za saratani ya titi. Kwa hiyo hata ikifika kifuani jina ni lilelile, saratani ya titi, na dawa ni za titi. Nilieleza hilo kwa ndugu mpaka nikachoka.

Wodini niliona wengine ambao saratani iliwafika kifuani: mmoja sauti ilimkauka wiki kadhaa bila mafua, mwingine uso na shingo vilivimba kila asubuhi. Wapo wasiosikia chochote mpaka picha iseme. Na mito mingi inaweza kuwa shida ya moyo, si saratani, usijihukumu, nenda ukapimwe. Ila ukikohoa damu, pumzi ikikata ghafla, au mguu mmoja ukivimba huku unahema, usingoje kesho.

Siku ile tulipomrudisha nyumbani nilimwekea feni ndogo ikimpuliza usoni, maana inapunguza kuhema. Saa nne usiku akaniita, akanirudishia mito miwili.