Ukienda Chongqing, Uliza Ghorofa Kabla ya Mtaa

Jioni niliyofika Chongqing, jiji la kusini-magharibi mwa China, ramani ya simu ilinionyesha kwamba nimekwishafika kwenye nyumba ya wageni niliyoilipia, ilhali nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja mtupu. Nilizunguka na begi langu karibu saa nzima, hadi mama mmoja muuza machungwa alipoisoma anwani, akanishika mkono mpaka ukingoni mwa uwanja, kisha akaelekeza kidole chini. Mlango ulikuwa ghorofa kadhaa chini ya miguu yangu, kwenye barabara nyingine kabisa.

Jiji hili limejengwa juu ya vilima, pale mto Jialing unapoingia katika mto Yangtze, na kwa kuwa ardhi tambarare ni haba, majengo yamepanda kutoka kando ya maji hadi vileleni. Pale kwenye jengo la Kuixinglou unatoka barabarani na kuvuka uwanja ukidhani uko chini, kumbe ukitazama upande wa pili uko ghorofa ya 22. Kwa hiyo, kabla hujasafiri, mwombe mwenyeji wako akuandikie kwa Kichina ghorofa ya kuingilia na lifti ya kutumia, kwani jina la mtaa peke yake halitakufikisha.

Usitishwe na idadi ya watu zaidi ya milioni 30, maana inahesabu eneo lote la kiutawala, lenye takriban kilometa za mraba 82,000, mashamba na milima ikiwemo. Epuka Julai na Agosti ukiweza, kwani joto hupita nyuzi 40. Wageni wengi hukimbilia kituo cha Liziba kuipiga picha treni inayopenya ndani ya jengo la makazi. Inapendeza, ila dakika kumi zinatosha.

Muda wako uuweke Chaotianmen, mito inapokutana. Nilipokwenda, maji ya Jialing yalikuwa ya kijani na ya Yangtze yalikuwa ya rangi ya udongo, yakienda bega kwa bega kwa kitambo kabla ya kuchanganyika. Kwenye ngazi za karibu na hapo nilimkuta mzee mpagazi, mzega wa mwanzi begani, akipanda kwa mshazari, kushoto kisha kulia, bila kuhema. Nilimfuata nyuma nikiiga hatua zake, na tangu siku hiyo magoti hayakuniuma tena.