Kibonge wa miaka 6 na magego yaliyotoboka: aanzie kwa nani?

Mleta uzi, umesema kijana wako ana miaka 6, shuleni wanamwita kibonge, magego mawili ya chini yametoboka, na hujui uanze kwa daktari wa meno au kwa mtu wa lishe. Mimi ni tabibu wa meno kwenye kituo cha afya huku Dar, na kesi kama yako ni za kila siku. Meno na uzito usivitenganishe. Siku utakayompeleka meno, omba apimwe uzito na urefu hapohapo. Kliniki ya watoto inaishia miaka 5. Baada ya hapo kadi inalala kabatini na hakuna anayefuatilia tena.

Ila shavu likivimba au akiamka usiku kwa maumivu, meno kwanza, tena asubuhi yake. Asikudanganye mtu kwamba "ni ya utoto, yatang'oka". Magego ya utoto mengine yanakaa hadi miaka 10, hata 12. Halafu ni umri huuhuu gego la kwanza la ukubwani linachomoza nyuma kabisa, bila lingine kung'oka, na wazazi wengi hawalijui. Mfunue mdomo kwenye mwanga, hesabu kuanzia katikati: la sita ni la kudumu.

Tuje nyumbani. Mimi siulizi mtoto anakula nini, maana nitajibiwa ugali, maharage na mchicha. Nauliza anakunywa nini tangu anapoamka. Hapo ndipo yanatoka: chai ya maziwa vijiko vitatu, barafu za mapumziko, juisi ya pakiti dukani kwa Mangi, uji wa sukari kabla ya kulala. Kuna mama alikuwa ananihesabia kwa vidole, mtoto pembeni anamkumbusha, "Na soda ya shangazi, mama."

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Hiyo 5 kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai. Soda ya mililita 350 ina karibu tisa.

Sasa elewa kitu kimoja. Jino linaharibiwa zaidi na mara ngapi: kila akionja kitamu, bakteria wanatoa asidi, na mate yanahitaji kama nusu saa kuituliza. Pipi anayoimung'unya mchana kutwa haitamnenepesha, ila itamtoboa. Chipsi mayai ni kinyume chake, uzito unaangalia wingi. Kwa hiyo usimwone dada yake mwembamba ukadhani yuko salama, chupa ya chai ni moja. Wapo watoto wanakonda kwa sababu kutafuna kunawauma.

Chai ipunguziwe sukari kwa nyumba nzima, nusu kijiko kila wiki, na tangawizi, iliki au mchaichai vijazie ladha. Usimtengee kibonge kikombe chake cha adhabu. Atakwenda kunywa kwa jirani.

Mswaki wa usiku usisubiri kitanda. Apige mara tu baada ya chakula, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere, ateme bila kusukutua maji mengi. Kuanzia hapo ni maji tu. Uji wa usiku na biskuti za kwenye TV vinakufa bila ugomvi. Na mpigishe wewe, mkono wa miaka 6 haufiki nyuma.

Mambo ya "diet" kwa umri huo sitaki kuyasikia. Mara nyingi hatutafuti kilo zishuke, tunataka zitulie huku urefu unapanda. Afisa lishe ndiye atakayekuambia mwanao yuko upande gani.

Kama mnaishi na bibi, huko ndiko kwenye kazi. Kwake mtoto mnene ndiye mwenye afya, na upindo wa kanga haukosi pipi. Usimkemee. Mkabidhi yeye huo mswaki wa usiku, awe msimamizi. Ninamjua mmoja aliyepewa hiyo kazi, sasa hivi muuza barafu akipita getini anamfukuza yeye mwenyewe.

Ukishampima, rudi uweke kilo, urefu na tarehe yake ya kuzaliwa, tuone.