Barua kwa mwanangu: Agosti usipande ndege

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama unaweza kuja harusini kwa dada yako mwezi wa Agosti, wiki mbili tu, halafu urudi kazini. Unasema viza yako ya mwanafunzi, ile F-1, bado ina mwaka mzima, pasipoti iko sawa, na bosi wako amekubali kukupa likizo. Jibu langu ni usije. Nimeliweka hapa juu ili usilitafute chini, na naomba usidhani limeniwia rahisi kuliandika. Katika harusi ile hakuna ninayetamani kumwona kama wewe.

Sababu ni ombi lile la H-1B, yaani ruhusa ya wafanyakazi wa kitaalamu, ambalo mwajiri wako amelipeleka USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, mwezi wa Aprili, baada ya jina lako kuchaguliwa kwenye bahati nasibu ya Machi. Ndani ya ile fomu I-129 yameombwa mambo mawili kwa pamoja, na vijana wengi huliona moja tu. La kwanza ni kwamba kazi uliyopewa ina sifa za H-1B na wewe una elimu inayoifaa. La pili ni kwamba, kwa kuwa tayari uko Marekani kihalali kama mwanafunzi, ubadilishiwe hadhi hukohuko uliko, bila kutoka nje, ili tarehe 1 Oktoba uamke ukiwa mfanyakazi wa H-1B. Ukitoka nchini kabla hilo la pili halijaamuliwa, linahesabiwa kwamba umeliacha mwenyewe. La kwanza linaweza kuendelea, hata likapitishwa, lakini itakubidi ukaombe viza ya H-1B ubalozini na kusubiri huko nje mpaka uipate.

Hiyo viza yako ya F-1 yenye mwaka mzima haikusaidii kwa hili. Viza hukuruhusu ufike mpakani uombe kuingia. Kinachokuhalalisha ukishaingia ni hadhi yako, na hiyo inasomwa kwenye I-94, kumbukumbu ya kuingia kwako nchini, na I-20, hati ya chuo, siyo kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye pasipoti. Tena wewe sasa si mwanafunzi anayerudi darasani. Shahada yako umemaliza, na OPT yako, ile ruhusa ya miezi 12 ya kufanya kazi baada ya masomo, inakwisha Juni. Ukifika uwanja wa ndege Agosti na viza ya mwanafunzi, huku ruhusa yako ya kubaki inategemea ombi ulilokwisha kulivuruga kwa kusafiri, utamwambia nini ofisa wa mpakani?

Zamani hasara ya safari kama hiyo ilikuwa kuchelewa. Nilipokuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kabla hatujarudi nyumbani, alikuja kijana mmoja aliyekuwa katika hali kama yako. Baba yake alifariki Julai, akaondoka usiku uleule kwenda kumzika. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Lakini ombi lake la kubadilishiwa hadhi likafia hapo, akasubiri mahojiano ubalozini, akarudi kazini Novemba huku akiwa amelipia nyumba tupu miezi yote hiyo. Bahati yake mwajiri alimvumilia.

Siku hizi si kuchelewa tu. Kwa tangazo la rais lililoanza kutumika 21 Septemba 2025, kwa muda wa miezi 12 na linaloweza kuongezwa, ombi jipya la H-1B kwa mtu aliye nje ya Marekani linadaiwa dola 100,000. Oktoba ya mwaka huohuo USCIS walifafanua kwamba anayebadilishiwa hadhi akiwa ndani ya nchi hadaiwi. Walifafanua pia kwamba akiondoka kabla ombi lake la kubadilisha hadhi halijaamuliwa, msamaha huo haumhusu. Mwajiri gani atatoa dola 100,000 kwa mhasibu mwenye uzoefu wa mwaka mmoja kwa sababu alikwenda harusini? Hao wanakupenda, lakini hawakupendi kiasi hicho.

Sasa hilo pengo la kuanzia Juni, OPT inapokwisha, hadi Oktoba, H-1B inapoanza, ambalo naona linakunyima usingizi ingawa umeliuliza kwa juu juu. Hapo tulia. Kwa kuwa ombi lilipokelewa OPT yako ikiwa bado hai, na limeomba kubadilishiwa hadhi, kanuni inakuongezea hadhi ya F-1 na ruhusa ya kazi pia, bila wewe kuomba upya. Zamani nyongeza hiyo ilikomea tarehe 1 Oktoba, na ombi likichelewa watu walisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Tangu Januari 2025 inakwenda mpaka tarehe 1 Aprili ya mwaka unaofuata, au mpaka siku H-1B yako inapoanza, lolote litakalotangulia. Angekuwa mtu ambaye ombi lake liliingia OPT ikiwa imekwisha, yuko kwenye zile siku 60 za kujiandaa kuondoka, angeruhusiwa kukaa lakini kazi angeacha. Wewe umenusurika na hilo kwa sababu wakili wa kampuni yenu hakulaza faili.

Ila jambo moja usiliache lijifanye lenyewe. Nenda kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni pale chuoni kwako, mpe nakala ya risiti ya USCIS, aina ya I-797 inayoonyesha namba ya ombi, na umwombe I-20 mpya yenye maandishi ya nyongeza hiyo. Kadi yako ya kibali cha kazi itasomeka imekwisha muda Juni, na karani wa kampuni anayekagua fomu I-9, ile ya kuthibitisha ruhusa ya kazi, atakuja kukuuliza. Unampa kadi ya zamani, I-20 mpya na risiti. Nenda mapema, Mei hii, kabla maofisa hawajazama kwenye shughuli za wanaohitimu. Nimekaa upande wa pili wa meza ile, najua foleni ya Juni ilivyo.

Ombi likipitishwa, omba wakupe karatasi yenyewe uishike mkononi, na uangalie herufi ya mwisho. Inatakiwa iwe I-797A. Hiyo, chini kabisa, ina kipande cha kuchana chenye jina lako, tarehe na namba, ambacho ndicho I-94 yako mpya. Linganisha kila herufi na pasipoti. Ukiona I-797B, isiyo na kipande hicho, maana yake wamekubali kazi lakini hadhi hawakukubadilishia, na hapo unampigia wakili siku hiyohiyo, hungoji kesho. Nimewaona watu waliofurahia neno moja tu la kukubaliwa, wakaiweka karatasi kwenye droo, wakaendelea kufanya kazi Oktoba bila ruhusa. Hilo ndilo kosa gumu kulisafisha, maana mtu hulifanya akiamini yuko sawa.

Umenitajia pia, kama jambo dogo, kwamba mtu wa utumishi amekuuliza kama ungeweza kuchangia gharama kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Mwanangu, hilo si dogo. Ada ya mafunzo ya wafanyakazi, dola 1,500, au 750 kwa mwajiri mwenye watu wasiozidi 25, na ada ya kuzuia udanganyifu, dola 500, ni za mwajiri kisheria. Huzilipi wewe, wala huzirudishi baadaye kwa mlango wa nyuma. Na mshahara ulioandikwa kwenye ile hati ya masharti ya kazi iliyopitishwa na Idara ya Kazi hauruhusiwi kushuka kwa makato ya gharama za ombi. Mjibu kwa adabu, kwa barua pepe, umwombe aulize wakili wa kampuni kabla hamjazungumza zaidi. Huenda hajui. Wengi hawajui. Usisaini chochote kuhusu hilo.

Na hati hiyo uisome. Una haki ya kupewa nakala, si baada ya siku ya kuanza kazi. Angalia cheo, mshahara, na hasa mahali pa kazi. Wakikuhamishia mji mwingine ulio mbali na hapo, ombi linatakiwa kurekebishwa kabla hujahama. Kwa mwanafunzi kubadilisha ofisi ni habari ya nauli, lakini kwa mtu wa H-1B ni habari ya sheria.

Kuna mengine mawili yatakayobadilika Oktoba. Moja ni mshahara utakaoingia benki. Kama mwanafunzi wa F-1 aliyekaa chini ya miaka mitano ya kodi, hukukatwa michango ya hifadhi ya jamii. Ukiwa H-1B utakatwa asilimia 6.2 na nyingine 1.45, jumla 7.65. Panga bajeti yako na hilo ndani, pamoja na unazotutumia sisi. Ukipunguza hatutauliza. La pili ni zile hesabu unazowafanyia wenye maduka jioni. Ziache kabla ya tarehe 1 Oktoba, zote, hata za rafiki, hata za kulipwa kidogo. H-1B ni ruhusa ya kumfanyia kazi mwajiri aliyekuombea, kwa kazi aliyoiombea. Akikuachisha una siku hadi 60 za kupata mwajiri mwingine wa kukuombea, kubadilisha hadhi, au kuondoka.

Na kama watakataa? Sikufichi, hutokea. Mara nyingi kwanza hutuma barua ya kutaka ushahidi zaidi, na swali huwa lilelile: shahada hii inahusiana vipi na kazi hii. Andaa sasa orodha ya masomo uliyosoma na maelezo ya kazi unayoifanya kila siku, uviandike kwa maneno yako na umpe wakili. Wakikataa moja kwa moja, bila udanganyifu wala uvunjaji wa sheria kwa upande wako, unapata siku 60 tangu taarifa itoke. Uhasibu haukupi ile nyongeza ya OPT ya miezi 24 wanayopata watu wa sayansi na uhandisi, kwa hiyo njia hiyo usiihesabu. Lakini vyuo vikuu, mashirika yasiyo ya faida yenye uhusiano navyo, na taasisi za utafiti zisizo za faida au za serikali haviguswi na kile kikomo cha H-1B cha nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 za wenye shahada za uzamili za Marekani. Vinaweza kumwombea mtu mwezi wowote, bila bahati nasibu ya Machi. Na vyote hivyo vina idara za fedha zinazotafuta wahasibu. Tangu sasa, wikendi, angalia nafasi zao, bila kumtangazia mtu kazini.

Atakayekupa njia ya tatu, yaani kujiandikisha chuo fulani ambacho wiki ya kwanza tu kinakupa kibali cha kufanya kazi muda wote huku darasani hukanyagi, achana naye. Hao nimewaona hata kwenye vikundi vya WhatsApp vya watu wetu, wanaongea kwa upole na wanakuita ndugu. Siku utakapoomba lolote la maana, ofisa atauliza uliishije mwaka ule, na utakuwa huna jibu safi.

Sasa lini uje. Ombi likipitishwa na Oktoba ikafika ukiwa ndani ya nchi, umeshabadilishiwa hadhi, na kwa ufafanuzi ule wa USCIS safari ya baada ya hapo haikurudishi kwenye zile dola 100,000. Lakini utakuwa huna viza ya H-1B kwenye pasipoti, na huwezi kuingia tena bila hiyo. Kwa hiyo tiketi inafuata miadi ya ubalozi, kamwe isitangulie. Ukipata miadi, ndipo unakuja na I-797A halisi, barua ya mwajiri, stakabadhi zako za mshahara za karibuni, na nakala ya ombi zima. Kwenye mahojiano huna haja ya kujieleza kama ulivyojieleza ulipoomba F-1, ukihangaika kuonyesha kwamba utarudi nyumbani. H-1B inakuruhusu kuwa na nia ya kubaki. Jibu ulichoulizwa, basi. Na mwombe bosi wako likizo ndefu kidogo kuliko unayoihitaji, maana siku za kurudishiwa pasipoti hazipangwi na wewe. Mimi naona Januari au Februari, lakini amua baada ya kuziona tarehe za miadi.

Dada yako nitamwambia mimi, leo jioni, kabla hujampigia. Atalia, kisha atakupigia mwenyewe. Usimwambie utajaribu, wala usimwambie tusubiri tuone, kwa sababu atashika hilo neno mpaka Agosti. Mwambie huji, na umwambie kwa nini, polepole, kama nilivyokueleza hapa. Baba yako anasema waliooa na kuolewa bila kaka zao harusini ni wengi na wana wajukuu. Mimi sikucheka, lakini nimekufikishia.

Nitumie namba ya risiti na nakala ya I-20 mpya ukiipata, niziweke hapa nyumbani pamoja na vyeti vyako. Na huyo mtu wa utumishi, ukimwandikia, nitumie nami nakala nisome.

Nakupenda sana.

Mama yako